Mgeni wa Siku ya Tatu: Nani Anamdai Nani Kasulo?

Kuna jambo lilizuka baada ya swala ya Ijumaa katika msikiti mmoja wa mjini ambao sina haja ya kuutaja. Jumuiya ndogo ya pale, ile inayoshughulikia mayatima na mazishi, ilikuwa imezisaidia familia tatu zenye asili ya Burundi kufuatilia makaratasi yao, mwaka hadi mwaka, mpaka wakapata uraia wa tajnisi. Katibu akaleta pendekezo: iandaliwe karamu, ipikwe pilau, isomwe dua, watoto wa madrasa waimbe kasida, ndugu hao wapongezwe. Mzee mmoja, mtu wa heshima zake, akasimama akauliza: “Tunawapongeza kwa lipi? Kwa kuwa tumewapokea? Basi wao ndio watupikie sisi.” Watu wakacheka, na ajenda ikaahirishwa.

Wengine walimwona mzee yule kuwa ni bakhili wa roho. Mimi naona aliuliza swali la maana kuliko yote yaliyosemwa siku ile. Aliyepokea na aliyepokewa, nani anamdai mwenzake? Na deni hilo, kama lipo, linakwisha lini?

Swali kama hili ukilijibu ukiwa umekaa barazani Kariakoo au Ng'ambo utalijibu kwa wepesi, kwa sababu huko mgeni hajakumalizia kuni wala hajakausha kisima chako. Kwa hiyo nawaomba twende mahali ambapo kupokea wageni si maneno ya mimbari. Twende Kasulo.

Ukitoka Kahama ukafika Lusahunga, wilayani Biharamulo, barabara inakata kushoto kuelekea mpaka wa Rwanda, kilomita 92 mpaka Rusumo. Kabla ya kufika mpakani unakuta njia panda ya kwenda Ngara mjini. Hapo malori ya Kigali hupumzika, madereva hula, hulala, hutengeneza matairi. Watu wanapaita Benaco, jina lililobaki kutoka kwa kampuni ya Kitaliano iliyojenga barabara ile na kuweka kambi yake pale. Kata yenyewe ni Kasulo. Nimepita pale, nimeswali katika msikiti wa kando ya barabara, na mgeni asiyejua historia hawezi kubahatisha kilichotokea katika vilima vile. Anaona migomba, vibanda vya chipsi na malori.

Aprili 28, 1994, wiki tatu baada ya mauaji ya kimbari kuanza Rwanda, watu walianza kuvuka daraja la Rusumo. Walivuka usiku, wakavuka mchana uliofuata. Waliohesabu wakati ule walisema watu 250,000 kwa saa 24. Waliohesabu baadaye wakashusha hadi 170,000. Chukua hesabu unayoipenda. Wilaya nzima ya Ngara ilikuwa na wakazi wasiofika laki mbili. Chini ya daraja lile lile, mto Kagera ulikuwa unapitisha maiti za waliouawa. Ndani ya siku chache Benaco ikawa moja ya kambi kubwa kabisa za wakimbizi duniani, na kwa idadi ya watu ikawa inapita miji yetu mingi ya mikoani. Zikafuata kambi nyingine jirani, Lumasi, Musuhura na Lukole, hii ya mwisho ikiwa ya Warundi waliokimbia vita vilivyoanza kwao mwaka 1993. Wageni wakawazidi wenyeji kwa idadi.

Wenyeji hawakuulizwa. Hili nalisisitiza kwa sababu tunapenda kutoa mfano wa Maansari wa Madina, na mfano ni mzuri, ila Maansari walikwenda wenyewe Aqaba wakatoa ahadi, wakajua wanamkaribisha nani na kwa gharama gani. Mkulima wa Kasulo aliamka asubuhi akakuta shamba lake la mihogo lina mahema. Miti ilikatwa mpaka vilima vikabaki vipara, maana watu laki kadhaa wanapika kila siku na hakuna gesi. Wauguzi na walimu wa serikali waliacha vituo vyao wakaenda kuajiriwa na mashirika ya kigeni yaliyolipa vizuri zaidi. Ujambazi wa silaha ukaingia. Ni kweli pia kwamba wapo waliofaidika: aliyekuwa na nyumba ya kupangisha, aliyekuwa na gari, aliyeuza ndizi, aliyepata kibarua. Lakini aliyepata faida na aliyepoteza shamba hawakuwa mtu mmoja.

Sasa mtu huyu wa Kasulo, kwa mizani ya dini yetu, ana haki ya kusema “sisi tuliwasaidia nyinyi”?

Allah (s.w.) katika Suratul Baqara (2:264) anawakataza walioamini kuziharibu sadaka zao kwa masimbulizi na udhia. Ukimpa mtu, kisha kila mkikutana unamkumbusha, malipo yako yamepotea, na anayefanya hivyo amefananishwa na jiwe lenye udongo juu yake: mvua ikinyesha mara moja, udongo wote unaondoka. Katika Suratul Insan (76:8-9) wanasifiwa wanaomlisha maskini, yatima na mateka kwa ajili ya Allah, bila kutaka malipo wala shukrani. Kwa hiyo mwenyeji amefungwa mdomo. Ametoa, asidai. Hata kudai shukrani tu haifai.

Hapo wengi wetu ndipo tunapoishia, na khatibu anateremka. Lakini ukimwacha mwenyeji amefungwa mdomo na huku hakuna mwingine anayesema kwa niaba yake, umemdhulumu. Ameharibiwa shamba na ameambiwa anyamaze kwa kuwa akisema atapoteza thawabu. Dini ya haki haiwezi kuishia hapo, na kwa hakika haikuishia hapo, kama nitakavyoonesha.

Kabla ya hapo kuna jambo zito ambalo hatuwezi kuliruka tukizungumzia Kasulo. Miongoni mwa waliovuka daraja walikuwemo wauaji. Jean-Baptiste Gatete, kiongozi wa zamani wa wilaya ya Murambi huko Rwanda, alionekana Benaco, na Juni 1994 ilipojaribiwa kumwondoa kambini, maelfu ya watu walizuka kwa fujo kumtetea. Sylvestre Gacumbitsi, aliyekuwa mkuu wa wilaya ya Rusumo, ng'ambo tu ya mto, naye alikuwa pale. Baadaye wote wawili walihukumiwa na mahakama ya Umoja wa Mataifa pale Arusha: Gacumbitsi alipewa kifungo cha maisha katika rufaa mwaka 2006, na Gatete miaka 40 mwaka 2012. Kambini watu kama hao ndio waliosimamia kugawa chakula mwanzoni. Mwishoni mwa 1994 Madaktari Wasio na Mipaka, tawi la Ufaransa, walifungasha wakaondoka wakisema hawawezi kuendelea kuwalisha wauaji wanaojipanga upya.

Je, walikuwa na haki kuondoka? Mimi nawaelewa, lakini aliyeondoka alikuwa na pa kwenda. Mtu wa Kasulo hakuwa na pa kwenda, na mama aliyevuka na watoto hakuwa na pa kwenda. Sharia yetu imeyatenganisha mambo mawili haya vizuri. Katika Suratut Tawba (9:6) hata mshirikina akiomba himaya anapewa, kisha anafikishwa mahali pake pa amani. Na katika hadithi aliyoipokea Ali bin Abi Talib (r.a.), laana ya Allah iko juu ya anayemhifadhi mhalifu. Himaya kwa anayekimbia, mkono wa sheria kwa aliyeua. Ugumu wa Benaco ulikuwa kwamba wote wawili walikuja na godoro moja kichwani, na hakuna aliyekaa langoni kuwatenganisha. Matokeo yake wote wakahesabiwa wauaji, mama na watoto wake wakiwemo, na mwisho wakaondolewa wote kwa pamoja. Desemba 1996 serikali na UNHCR walitangaza kwamba Wanyarwanda wote wawe wamerudi kwao ifikapo tarehe 31 ya mwezi huo. Maelfu walipojaribu kukimbilia ndani zaidi ya nchi, jeshi likawageuza. Zaidi ya watu laki nne na nusu wakavuka tena daraja la Rusumo, safari hii wakitazama upande wa pili.

Basi turudi kwenye swali la deni. Waswahili tuna methali: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi huitumia kwa kejeli, kama kusema “siku zako zimekwisha”. Na ipo hadithi sahihi katika Bukhari na Muslim isemayo kwamba ugeni ni siku tatu, zaidi ya hapo ni sadaka, na haimfalii mgeni kukaa mpaka amtie mwenyeji wake katika dhiki. Lakini hebu tuitazame methali kwa macho mapya. Anayefukuzwa hupewa mzigo wake. Anayepewa jembe anaambiwa kuna shamba, twende tukalime. Maana yake amehesabiwa katika watu wa nyumba. Jembe ndiyo hati ya uraia ya wazee wetu.

Jembe hilo ndilo ambalo watu wa Benaco na Lukole hawakupewa. Sheria ya wakimbizi ya mwaka 1998 iliwataka wakae kambini, na kwa miaka mingi utaratibu ulikuwa kwamba asivuke kilomita nne kutoka kambini bila kibali. Kulima nje ni kosa, kufanya biashara nje ni kosa. Kisha tukasema hawa watu ni wavivu, wanakula mahindi ya bure! Lukole ilidumu mpaka ilipofungwa mwaka 2008. Ziko roho zilizozaliwa pale, zikasoma pale, na hazikuwahi kushika jembe lao wenyewe katika ardhi ya Tanzania.

Wale waliotangulia walipokewa kwa namna nyingine. Wanyarwanda waliokimbia mwanzoni mwa miaka ya 1960 waliwekwa Muyenzi, hapo hapo Ngara, wakapewa ardhi. Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 waliwekwa Ulyankulu, Katumba na Mishamo, wakapewa mashamba katika mapori ambayo hata sisi tulikuwa tunayaogopa kwa mbung'o. Shirika lililosimamia makazi hayo pamoja na serikali na UNHCR lilikuwa TCRS, la Kikristo, lililoanzishwa 1964. Ifikapo 1985 makazi hayo yalikuwa yanajilisha yenyewe na yakakabidhiwa kwa serikali. Walilima mahindi, maharage na tumbaku, wakalipa kodi. Na Redio Kwizera, iliyoanza Ngara mwaka 1995 kwa ajili ya wakimbizi na wenyeji, ni kazi ya Wajesuiti. Nayataja haya kwa sababu katika safu kama hizi tumezoea kuyataja mashirika ya makanisa kwa kulalamika tu. Aliyetoa jembe apewe haki yake. Na sisi tujiulize jumuiya zetu, zilizo na mfuko wa zaka wenye fungu la msafiri aliyekwama kwa mujibu wa aya (9:60), zilifikiria kuutumia wapi.

Jembe lilizaa uraia. Mwaka 1980 Mwalimu Nyerere aliwafungulia mlango wa uraia Wanyarwanda wapatao 36,000, na mwaka 1983 akatunukiwa nishani ya Nansen ya Umoja wa Mataifa. Kwa Warundi wa 1972, mchakato ulianza 2007, na zaidi ya 162,000 wakakubaliwa. Lakini hapo pakaingia jambo la ajabu. Walikubaliwa kufikia mwaka 2010, wakaukana uraia wa Burundi kama sheria yetu inavyotaka, halafu hati zikazuiliwa: kwanza wahame Katumba, Mishamo na Ulyankulu, watawanywe mikoani. Kwa miaka minne hivi mtu si Mrundi tena, na Utanzania wake umefungiwa kabatini. Mpango wa kuwatawanya ulikwama, na hati zikaanza kutolewa Oktoba 2014. Waliopokea walisherehekea, na wana haki. Ukingoja karatasi tangu ukiwa kijana na ukaipata una mvi, ukishangilia si mbwembwe.

Kati ya kukubaliwa na kupewa hati, ikapita 2013. Julai mwaka huo Rais Kikwete, akiwa ziarani Kagera, aliwapa wahamiaji wasio na vibali wiki mbili waondoke, na Septemba ikaanza Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita. Lengo lililotajwa lilikuwa ujambazi na silaha, na ujambazi ulikuwepo kweli. Lakini katika maelfu waliovuka kwenda Rwanda na Burundi walikuwemo walioishi hapa miaka arubaini na zaidi, waliooa na kuolewa hapa, na wapo waliosema wana makaratasi. Ndoa zikagawanywa na mto. Mwenye jembe la miaka arubaini akaambiwa ni mgeni wa jana.

Ndipo unapoona kwamba mwenyeji na mgeni pale Kasulo hawako mbali kama tunavyodhani. Wahangaza ni wenyeji wa Ngara tangu kabla ya mpaka kuchorwa, na lugha yao inasikilizana na Kirundi. Siku ya operesheni, askari aliyetoka mkoa mwingine anamsikia bibi akimwita mjukuu wake, anasema: Mrundi huyu. Hata foleni ya kitambulisho cha taifa kwa mtu wa mpakani ina maswali ambayo wewe wa Tandika hujawahi kuulizwa: babu yako alizaliwa wapi, amezikwa wapi, nani anashuhudia. Unapofanya neno “mgeni” kuwa tusi, wa kwanza kuumia ni ndugu yako mwenyeji anayeishi karibu na mpaka.

Na sisi Waislamu tunalijua tusi hilo. Katika Rwanda na Burundi za Wabelgiji, Mwislamu aliitwa Mswahili, maana yake mtu wa kuja, hata kama ni Mnyarwanda wa baba na mama. Waliwekwa katika mitaa yao, kama Biryogo pale Kigali na Buyenzi pale Bujumbura, na kutoka au kuhama kulihitaji ruhusa. Mwaka 1994 ilipopigwa mbiu ya kuua, imeandikwa sana kwamba Waislamu kwa jumla yao hawakuiitikia, na wengi waliwaficha majirani zao. Sisemi hakuna aliyechafua mkono. Nasema watu walioitwa wageni kwao wenyewe ndio waliolinda wenyeji.

Sasa niseme nilichoahidi. Mwaka wa nane Hijria, baada ya vita vya Hunayn, Mtume (s.a.w.) aligawa ngawira nyingi kwa watu wa Makka waliosilimu karibuni, na Maansari hawakupata kitu. Vijana wao wakanung'unika. Mtume (s.a.w.) hakuwaambia wanyamaze wasije wakapoteza thawabu za kupokea Muhajirina. Aliwakusanya peke yao, kisha akawasemea yeye mwenyewe: kwamba lau wangetaka wangeweza kusema, na wangekuwa wakweli, kuwa alikuja kwao akiwa amekadhibishwa na wao wakamsadiki, amefukuzwa wakampa makazi, hana kitu wakamliwaza. Akaitaja hesabu yote ya mwenyeji, kwa ulimi wa aliyepokewa. Wakalia mpaka ndevu zikalowa.

Tazama hikma hiyo. Mwenyeji amekatazwa kusimbulia, lakini wema wake haukuachwa bila kutajwa. Umewekwa katika kinywa cha mgeni, na katika kinywa cha kiongozi. Na upande wa pili, jina la Muhajirina halikufutwa. Hawakuambiwa “sasa nyinyi ni watu wa Madina, sahauni Makka”. Waliitwa Muhajirina mpaka wakafa, na ikawa sifa. Kumbe kuitwa mtu wa kuja si aibu wala si tatizo. Tatizo ni neno hilo linatamkwa na nani, siku gani, kwa nia gani.

Kwa hiyo kwa mzee wetu nina jibu la nusu kwa nusu. Alisema kweli kwamba karamu inayopikwa na mwenyeji, ikahutubiwa na mwenyeji, mgeni akakaa mbele kama bwana harusi aliyekopa suti, iko karibu sana na masimbulizi. Nimeziona hafla za namna hiyo, za misaada ya kila aina: mfadhili anapigwa picha, mpokeaji anashikishwa gunia. Lakini kukosea kwa namna ya kufanya hakubatilishi jambo lenyewe. Ndugu wale watatu wapike wao kama wanataka, sisi tuchange kuni na mchele kimyakimya, na kipaza sauti wapewe wao. Waseme walikotoka, wamtaje aliyewapa chumba, aliyewaandikia barua, balozi wa nyumba kumi aliyekubali kuwa shahidi. Hakuna khutba itakayomlipa mwenyeji kama hiyo. Na hapo hapo asimame mtu aseme pia kuhusu Kasulo na vilima vyake vilivyokatwa miti, maana nishani ilikwenda kwa rais na sifa zikaenda kwa taifa, na mkulima ambaye shamba lake lilikuwa kambi hajui hata kwamba kuna anayemshukuru.

Lakini karamu ni siku moja. Tumsome Saad bin Rabii (r.a.) alipounganishwa undugu na Abdulrahman bin Auf (r.a.). Saad alimpa nusu ya mali yake. Abdulrahman akamwombea baraka, akakataa, akasema nionesheni soko liko wapi. Akaanza na jibini na samli. Saad alikuwa na la kutoa, Abdulrahman alikuwa na la kuomba, na alichoomba kilikuwa njia. Jumuiya ya msikiti iliyo makini inajua kwamba mgeni wake mara nyingi hataki nusu ya mali. Anataka aoneshwe ofisi ya uhamiaji iko wapi na fomu inajazwaje.

Katika zama zetu, mfano unaonivutia zaidi uko mbali, katika mji mdogo wa Lewiston, jimbo la Maine, Marekani. Wapo huko Wabantu wa Somalia, watu ambao mababu zao walichukuliwa utumwani karne ya 19 kutoka mwambao wetu, Wazigua wakiwemo. Vita vya Somalia vya 1991 vilipowatawanya, baadhi yao walirudi Tanga, wakiwa bado wanazungumza Kizigua, wakawekwa Chogo wilayani Handeni, wakapewa ardhi, na katikati ya miaka ya 2000 wakaanza kupewa uraia wa nchi ya babu zao. Wengine walipelekwa Marekani kuanzia 2003. Lewiston haikuwa na raha nao. Oktoba 2002 meya wa mji alikuwa ameshawaandikia barua ya wazi wazee wa Kisomali waliotangulia, akiwataka wawazuie wenzao wasije, mji umechoka. Januari 2003 kikundi cha wabaguzi kikaitisha mkutano, kikapata watu wachache, na wakati huo huo wenyeji maelfu wakakusanyika upande wa pili wa mji kuwaunga mkono wageni. Mwaka 2006 mtu alivingirisha kichwa cha nguruwe ndani ya msikiti wao.

Basi Wabantu wale mwaka 2005 wakaunda jumuiya yao wenyewe. Jumuiya hiyo inakalimani, inafundisha vijana, inawasindikiza watu katika ofisi, na jambo lililokuwa kubwa kwao likawa ardhi: wamepata mashamba, wanalima mahindi ya asili yao katika nchi ya theluji, kila familia na kipande chake. Walijitafutia jembe ambalo hawakupewa siku ya tatu. Sherehe zao zinafanyika wakati wa mavuno, na chakula ni chao.

Huku kwetu mwombaji wa uraia wa tajnisi anaanzia ngazi ya kata, anapandishwa wilaya, mkoa, hadi taifa, na hutakiwa kutangaza nia yake gazetini ili mwenye pingamizi ajitokeze. Nimekuwa nikisoma matangazo hayo madogo, yako kurasa za ndani, jirani na viwanja vinavyouzwa. Jina, mahali anapoishi, na mwaliko kwa yeyote anayejua sababu ya yeye kukataliwa. Sijawahi kuona tangazo linalowaita wanaojua sababu ya yeye kukubaliwa. Pengo hilo jumuiya inaweza kuliziba bila kungoja sheria ibadilike: iwe na daftari la watu wake wa kuja, ijue nani ana kibali kinachokwisha lini, nani mtoto wake hana cheti cha kuzaliwa, nani anahitaji kukalimaniwa mbele ya ofisa. Na kwa ndugu zetu wa Ngara, iwe na wazee walio tayari kusimama na kusema bibi huyu namjua, mama yake alizikwa pale chini ya mgomba ule, nilikuwepo.

Kazi hiyo haina kasida. Inataka nauli, siku nzima ya kukaa kwenye benchi la ofisi ya serikali, na mara nyingine kurudi kesho kwa sababu mhusika ametoka. Fungu la msafiri lipo katika zaka. Nauli ya kutoka Kasulo hadi Ngara mjini na kurudi haitaumaliza mfuko wa msikiti wowote ninaoufahamu hapa mjini.